Kabla Hujaitupa Chupa Baharini

Katika mji mdogo wa Tignish, kisiwani Prince Edward huko Kanada, yuko mtu aliyeanza kutupa barua za chupa baharini mwaka 1996. Kufikia 2011 alikuwa ametupa zaidi ya 4,800 na kupokea majibu zaidi ya 3,000, mengine kutoka Ulaya, mengine kutoka Karibi, mengine hata kutoka bara letu la Afrika. Jibu la chupa moja lilimfikia baada ya miaka 13. Watu wakisikia habari zake husema ana bahati. Mimi naona ana utaratibu. Hatupi mpaka upepo uvume kutoka magharibi au kusini-magharibi, ili uichukue chupa iende mbali na kisiwa. Kila barua ina tarehe.  Wala haandiki namba ya simu, kwa kuwa anachotaka ni barua ya mkono, na anajua kwamba mwenye namba ya simu hapati sababu ya kushika kalamu.

Ukiyaangalia mambo hayo moja moja, yote yanamhusu mtu ambaye hajamwona: yule atakayeinama ufukweni na kuiokota. Hapo ndipo barua nyingi za chupa hukwama. Bahari hufanya kazi yake, chupa hufika nchi kavu, mtu huiokota, lakini hakuna kilichomwelekeza la kufanya. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa unatoka mahali pamoja: barua ya chupa iandikwe kwa ajili ya mwokotaji. Anayeitupa tayari anazijua habari zake.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwaka 1914 Kapteni C. H. Brown wa chuo cha ubaharia cha Glasgow, Uskoti, alitupa chupa 1,890 ili kuchunguza mikondo ya bahari. Ndani ya kila moja kulikuwa na kadi yenye maneno machache: andika uliiokota wapi na lini, itie posta ya karibu, nasi tutakujulisha ilitupwa wapi. Mwaka 2012 mashua ya uvuvi ya visiwa vya Shetland ilinasa mojawapo wavuni, karibu miaka 98 baada ya kutupwa, na kadi ile ikawa bado inasomeka na bado inaeleweka. Sidhani kama ingeeleweka vile kama kapteni angeanza na maisha yake, akaendelea na maoni yake juu ya dunia, kisha anwani akaibana chini kabisa kwa herufi ndogo.

Basi weka ombi juu. Mistari mitatu ya kwanza imweleze mwokotaji kuwa hii ni barua, unaomba akuandikie mahali na siku aliyoiokota, na akuandikie wapi. Baada ya hapo jitambulishe kwa kifupi: umri, kazi, mji, nani alikuwa nawe siku hiyo. Umwahidi kitu pia. Kapteni Brown aliahidi habari ya safari ya chupa, na ahadi hiyo haina gharama hata leo. Mtu aliyeokota kitu ufukweni hutaka sana kujua kimepita wapi, naye atajitaabisha kuandika kama anajua utamtumia ramani.

Lugha ni jambo ambalo watu hulipuuza. George Parker Bidder, mwanasayansi wa Uingereza aliyetupa chupa zaidi ya 1,000 katika Bahari ya Kaskazini kati ya mwaka 1904 na 1906, aliandika kadi zake kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, kwa sababu alikuwa anajua nchi zinazoizunguka bahari ile. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa bahari yetu. Kiswahili kwanza, kwa kuwa kinakwenda mbali kuliko tunavyodhani: ukipanda kaskazini kutoka Lamu utakuta visiwa vya Wabajuni, na mbele zaidi Barawa, katika Somalia, ambako kuna watu wenye lahaja yao ya Kiswahili mpaka leo. Chini yake weka Kiingereza. Kifaransa ni cha Komoro, Madagaska na Shelisheli. Kiarabu ni cha pwani ya Somalia, Yemeni na Omani. Huhitaji kutafsiri barua nzima. Mistari ile mitatu ya ombi inatosha, na tafuta mtu anayeijua lugha hiyo kweli akuandikie, maana ombi likipinda, mwokotaji ataona ni kitu asichokielewa akakiacha.

Sasa anwani, na hapa nawaomba muwe waangalifu kuliko kwingine kote. Namba ya simu ya leo ikikaa bila kutumika kwa miezi kadhaa, kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine. Barua pepe nayo haina uhai wa milele: Google, kwa mfano, imejipa ruhusa ya kufuta akaunti isiyofunguliwa kwa miaka 2. Chupa haijui hayo. Kadi moja ya Bidder iliokotwa mwaka 2015 katika kisiwa cha Amrum, Ujerumani, miaka 108 baada ya kutupwa, na ikapata mtu wa kuipokea kwa sababu alikuwa ameandika anwani ya taasisi, Jumuiya ya Biolojia ya Bahari ya Uingereza, ambayo ilikuwa ingali hai mjini Plymouth. Kadi iliahidi shilingi moja kwa atakayeirudisha. Wale wa Plymouth walitafuta shilingi ya zamani wakamtumia mwokotaji.

Kwa hiyo tafuta anwani itakayodumu kuliko wewe. Sanduku la posta la shule ni zuri sana, au la msikiti, kanisa, maktaba, chama cha ushirika. Omba ruhusa kwanza, na mkuu wa shule akikubali, jina lake usiliandike, andika cheo, kwa kuwa wakuu hubadilika. Barua pepe iongeze kama njia ya haraka, iwe ya kazi hiyo tu, na uifungue mara kwa mara. Nyumba unayolala usiiandike. Kama watupaji ni watoto, majina ya kwanza yanatosha na jibu lipitie kwa mwalimu, alisome kabla hajampa mtoto. Wengi wa wanaojibu ni watu wema waliofurahi, lakini barua inayokwenda kwa yeyote hupokelewa na yeyote, na akitokea mtu anayeomba fedha au picha za mtoto, hapo mawasiliano yakome.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo mwongozo wowote ulioandikwa ughaibuni hautakuambia. Mtu wa kwetu akikuta chupa imezibwa kwa nta, ndani kuna karatasi iliyokunjwa na kufungwa uzi, hafikirii barua. Anafikiria uganga. Amesikia tangu utotoni habari za mvuvi na jini aliyefungiwa chomboni, anajua kuwa kuna watu hupeleka vitu vya waganga baharini, na busara yake inamwambia asiiguse, au aisukume irudi majini. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Mwenye wajibu wa kumtoa hofu ni wewe uliyeitupa. Usitumie uzi mwekundu, wala kitambaa chekundu, cheusi au cheupe. Usichore alama wala nyota. Usitie udongo, unywele, ubani, au maua makavu, hata kama kwako ni kumbukumbu njema. Karatasi ya nje iwe ya rangi ya kawaida kama njano au chungwa, imegeuzwa maandishi yaelekee nje ili yasomeke kupitia kioo: BARUA. TAFADHALI FUNGUA USOME. Ukiweza, bandika picha ya darasa au ya mashua iliyoitupa. Sura za watu wanaocheka humwondolea mwokotaji hofu kabla hajakifikia kizibo.

Chupa yenyewe iwe ya kioo kinene, ya kizibo cha gome au cha kuzungushwa. Chupa za soda za kifuniko cha bati hazifai. Kifuniko kikishafunguliwa hakirudi kushika, na bati huliwa na chumvi. Plastiki siikubali kabisa. Osha chupa, iache ikauke kwa siku kadhaa ikiwa imeinamishwa, kwani unyevu mdogo uliobaki ndani hugeuka jasho juani na kuozesha karatasi. Tia mchanga kidogo wa kuipa uzito, uliokaangwa kwanza juu ya moto ukakauka kabisa ukapoa. Uzito huo una maana kubwa. Chupa nyepesi hulala juu ya maji na kupelekwa na upepo. Yenye uzito husimama wima, shingo tu ikiwa nje, na hufuata mkondo wa maji. Ijaribu ndani ya ndoo. Ikizama mpaka mdomoni umezidisha.

Andika kwa penseli au kalamu ya kawaida ya wino mzito. Kalamu za wino wa majimaji huchujuka, na zile za rangirangi hufifia juani. Karatasi iwe nene, ikunjwe iwe nyembamba kuliko shingo ya chupa na ifungwe uzi, ncha yake iachwe karibu na mdomo ili mtu aivute. Kama haitoki, mwokotaji ataivunja chupa, na vioo vitabaki ufukweni pale wanapopita watoto pekupeku. Ziba kwa kizibo kilichokatwa sawasawa na ukingo, kisha chovya mdomo wote katika nta iliyoyeyushwa, mara mbili tatu. Ukiwa karibu na mafundi wa mashua, kaa nao. Watu wanaotia kalafati vyombo vinavyobeba roho za watu wanajua kuzuia maji kuliko mimi.

Nimesema siikubali plastiki, na nataka niseme zaidi, kwa kuwa mapenzi ya jambo hili yanaweza kutufanya tuidhuru bahari tunayoipenda. Mwaka 2019 wafanyakazi wa kujitolea walikwenda Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kilicho mbali na watu na kinachojulikana kwa kobe wake wakubwa, wakaondoa takataka tani 25, nyingi zikiwa nyavu na kandambili, na bado walikuwa wameacha mamia ya tani nyuma yao. Vitu hivyo vililetwa na maji. Chupa ya kioo nayo ni taka mpaka mtu aiokote. Ndiyo maana yule bwana wa Tignish naiga uangalifu wake, wingi wake siuigi. Darasa zima litupe chupa moja iliyoandikwa vizuri badala ya kila mtoto kutupa yake. Au tumieni vibao vya mbao isiyopakwa rangi, vyenye maneno yaliyochomwa kwa moto: wanasayansi wamevitumia kufuatilia mikondo, na visipookotwa huoza vikaisha. Na siku hiyo hiyo ya kutupa, okoteni chupa tupu za ufukwe mzima. Katika hifadhi za bahari, kama Mafia, Watamu au Kisite, msitupe kitu.

Sasa bahari. Hapa ningependa msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa kosa la mahali na majira haliwezi kurekebishwa na barua nzuri.

Maji yanayopita mbele yetu yanatoka mashariki ya mbali. Mkondo mkubwa huvuka Bahari ya Hindi kusini mwa ikweta, ukapita kaskazini ya Madagaska, ukaipiga Afrika karibu na Rasi Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja huenda kusini. Jingine hugeuka kaskazini, likapita Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, na tawi hili haliachi kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, upepo na mkondo huenda upande mmoja, na kitu kinachoelea nje ya mwamba huweza kupita kilomita 100 kwa siku, kikaingia Somalia. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo hugeuka, maji ya Somalia hushuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya kisha hugeukia mashariki, bahari kuu. Chupa moja ya Malindi ikitupwa Julai na nyingine Januari, huenda zikaishia katika bahari mbili tofauti.

Ukinitaka nichague, nitachagua maleleji, kipindi kile upepo umelegea kati ya kaskazi na kusi. Bahari ni tulivu, mashua hutoka nje ya mwamba bila hatari, na chupa huongozwa na mkondo tu. Kusi ikishakaza, wavuvi wadogo wengi hukaa nchi kavu, na chupa iliyofika pwani wakati huo inaweza kusubiri muda mrefu.

Popote ulipo, usitupe ukiwa umesimama ufukweni. Wimbi litaileta miguuni pako, au itakwama katika mikoko. Ufukwe wa mashariki wa Unguja, Jambiani au Paje, wakati wa kusi upepo unakuvumia usoni. Hata ukitoka na ngalawa hatua chache, chupa itarudi juu ya mwamba na kuvunjika. Zungumza na nahodha. Mwombe aibebe siku anayokwenda kuvua, aitupe nje ya mwamba baada ya kupita mlango, maji yakiwa yanaanza kupwa, na afadhali iwe bamvua, maji yanapotoka kwa nguvu, kuliko siku za maji mafu. Mpe penseli aandike saa. Mtupaji wa Dar es Salaam au Bagamoyo aelewe kwamba chupa yake iko ndani ya mkondo mwembamba kati ya bara na Unguja, na inaweza kuishia Nungwi au Saadani. Hilo nalo ni jibu, na mtu wa Nungwi ana habari nyingi za kukuandikia.

Wasomaji wa maziwani wasijione wametengwa. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Chupa iliyotupwa mbali na ufuo wa Kigoma miezi hiyo ina njia ya kwenda Burundi au Uvira, na barua ya Kiswahili itasomwa kote huko, ukiongeza Kifaransa kidogo.

Lakini nawaambia wakazi wa pwani yetu ukweli ambao ramani ya mkondo inauonyesha wazi: sisi ni waokotaji zaidi kuliko watupaji. Ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipotea Machi 2014, na wachunguzi wanaamini iliangukia kusini-mashariki mwa Bahari ya Hindi. Kipande cha bawa lake kilipatikana kisiwani Réunion Julai 2015, na kingine, kikubwa, kilipatikana kisiwani Pemba Juni 2016. Familia zilizokuwa zinasubiri habari zilipata habari hiyo kwa sababu kitu kilichokuwa ufukweni hakikupuuzwa. Kinachotupwa upande wa Australia na Indonesia kina njia ya kutufikia, na matembezi yako ya asubuhi Mafia au Msambweni yanaweza kukukutanisha na barua ya mtu.

Ukiikuta, piga picha kabla hujaigusa, pamoja na mahali ilipolala. Andika siku na saa. Kama ndani kuna majimaji, au ni kopo la chuma lililofungwa, acha, waite wahusika. Kama ni karatasi iliyolowa, usiikunjue kwa nguvu. Iache ikauke kivulini. Chupa ya zamani kuliko zote zinazojulikana iliokotwa Januari 2018 ufukweni karibu na kisiwa cha Wedge, Australia Magharibi, haina kizibo, imefunikwa na mchanga, karatasi ina unyevu. Ilitupwa tarehe 12 Juni 1886 kutoka meli ya Kijerumani Paula, ambayo ilikuwa katika Bahari ya Hindi hii hii ikielekea Makassar. Walioipata hawakuharakisha kuikunjua. Waliikausha, wakaipeleka katika jumba la makumbusho la jimbo, na wataalamu wakaipata siku hiyo ya kutupwa ikiwa imeandikwa kwa mkono wa nahodha katika kitabu cha safari cha Paula. Chupa au boya lenye maandishi ya kitaalamu habari zake zipeleke kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, au ile ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa.

Barua nyingine utakazookota ni za msiba: mtu amemwandikia mama yake aliyefariki, au mtoto wake. Barua kama hiyo usiiweke mtandaoni. Ikiwa ina anwani, jibu kwa maneno machache ya pole na useme ilipofika, umwache mwenyewe aamue kama anataka zaidi. Ikiwa haina, msomee mtu mmoja unayemwamini au usimsomee yeyote, na uitunze.

Kwa upande wa mtupaji, weka daftari: namba ya chupa, tarehe, saa, mahali, upepo, maji yalikuwa yanapwa au yanajaa, nani alikuwa chomboni. Likae mahali ilipo ile anwani, na mwalimu anayehama alikabidhi kwa anayeingia, amwoneshe na chupa ambazo bado hazijajibiwa. Jibu likifika, mjibu mwokotaji ndani ya wiki hiyo hiyo, hata kama limekuja baada ya miaka 9. Mtumie ramani uliyomwahidi, imechorwa mstari kutoka mlango wa mwamba hadi ufukwe wake, na umwambie jina la mashua, saa ya kutupa, na jinsi bahari ilivyokuwa siku hiyo. Ndicho alichokuandikia akitaka kujua.